Nyumba haina paa, nami nataka gari lisilo na paa

Fundi, assalaam aleikum.

Mimi ni mzee wa miaka 61, mkazi wa Chumbageni hapa Tanga. Nilikuwa karani bandarini miaka 31 na nimestaafu mwaka jana. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu mizigo inayoshuka melini, na katika kuhesabu huko magari ya kila aina yamepita mbele ya macho yangu: malori, matrekta ya mashamba ya mkonge, pikapu, Land Rover za miradi. Moja halijanitoka moyoni. Miaka ya tisini ilishushwa gari ndogo nyekundu, viti viwili, haina paa, mali ya Mzungu mmoja wa mashambani. Nililiandika kwenye daftari, kisha nikalizunguka mara tatu kama mtu aliyekosea hesabu. Nikajiambia, nikijaliwa, ipo siku.

Sasa naona siku imefika. Kuna bwana Raskazone anauza Mazda Roadster. Kadi inasema ni ya mwaka 2001, injini 1800, gia za mkono, namba C. Rangi ni bluu iliyokolea, si nyekundu, lakini kwa umri wangu sichagui tena rangi. Anataka milioni 15. Gari linalala uani kwake, chini ya mvinje, linatazama bahari. Jioni moja tulikwenda nalo hadi Tongoni na kurudi, paa limefunguliwa, kusi inavuma. Nisikufiche, fundi, nilikuwa nikicheka peke yangu kama mtoto aliyenunuliwa baiskeli.

Injini inatulia, haitoi moshi. Kiyoyozi kinapoza. Paa ni la kitambaa cheusi, unalikunja kwa mkono, halijachanika, na dirisha la nyuma ni kioo hasa, si plastiki. Zulia la upande wa abiria lilikuwa limelowa kidogo, bwana akasema waliosha gari asubuhi. Dashibodi inasoma kilomita 84,000. Kadi ina jina la ndugu yake aliye Oman, ila yenyewe ipo mkononi, na anasema watu chungu nzima wanatembelea magari namna hiyo wala hakuna tatizo.

Tatizo langu liko nyumbani. Tunajenga Pongwe, na nyumba imesimama kwenye linta muda mrefu sasa. Kiinua mgongo kimetoka, mke wangu anajua kimetoka, na anajua ni kiasi gani. Juzi tukiwa tunakula nilimgusia habari ya gari kama mzaha. Hakuinua hata uso: "Baba Mwanahawa, nyumba haina paa, na wewe unataka gari lisilo na paa?" Watoto walicheka mpaka mmoja akapaliwa na wali. Na mimi nikacheka nao.

Asichokijua ni kwamba siku mbili kabla ya hapo nilikwisha kumpa yule bwana kishika uchumba, laki tano taslimu, bila maandishi.

Nisaidie, fundi. Gari hilo ni zima? Au ni afadhali niagize Japani? Na kwa mama nianzie wapi?

Karani Mstaafu, Chumbageni

*

Waaleikum salaam, mzee wangu, na shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kwa ajili ya gari. Mara ya pili niliisoma kwa ajili ya zulia, na humo ndimo nitakaa sana, unisamehe.

Gari likioshwa nje, zulia la ndani halilowi. Likiwa limeoshwa mpaka ndani, basi lingelowa pande zote mbili, na mwosha gari mwenye akili angetoa zulia juani. Zulia lililolowa upande mmoja, kwenye gari la paa la kitambaa linalolala chini ya mvinje, mimi tayari nimeshaanza kuona kitu.

Ngoja nikueleze gari lenyewe lilivyo. Kwa maelezo yako hilo ni toleo la pili la Roadster, lililotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005. La kwanza, lile la 1989, lilikuwa na taa za mbele zinazoinuka na dirisha la nyuma la plastiki. Huenda lile jekundu la Mzungu wako lilikuwa hilo, huenda lilikuwa jingine, daftari lako ndilo linajua. Sasa, paa la kitambaa halizuii maji yote kama bati. Maji ya mvua yanateremka juu ya kitambaa, yanafika nyuma ya viti, na pale pembeni, kulia na kushoto, yanakusanywa na mfereji mdogo uliofichwa chini ya mkunjo wa paa. Kila upande una tundu, na tundu lina mrija unaoshuka ndani ya bodi na kumwaga maji chini ya gari, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Wajapani walifikiria vizuri. Ila hawakuufikiria mvinje.

Wewe mtu wa Tanga unaijua mivinje. Majani yake si majani, ni vijiti kama sindano, vinaanguka mwaka mzima, na upepo wa bahari unavisukuma kila penye ufa. Miaka ile nikiwa gereji Ngamiani, kabla sijahamia Dar, nililetewa Roadster ya namna hiyo hiyo baada ya masika. Mwenyewe alilalamika harufu. Nikainua zulia, chini yake sponji imejaa maji kama godoro la mtoto. Nikakunja paa nusu, nikaingiza kidole kwenye pembe, nikagusa kitu laini. Nilichukua waya wa breki ya baiskeli, nikaukunja ncha usichome mrija, nikaanza kuvuta. Vikatoka vijiti vya mvinje, vumbi, unyoya wa kunguru, vyote vimeshikana kama kiota. Nikavuta cha pili. Halafu mrija ukakohoa, maji yakaporomoka chini ya gari, rangi yake chai ya rangi kabisa. Mwenye gari alifurahi akidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu maji yakikosa njia ya kutokea hayabaki yamesimama. Yanafurika. Mengine yanaingia kwenye zulia, na hayo ndiyo yenye huruma maana unayaona. Mengine yanaingia kwenye kizingiti cha chini ya mlango, ndani kwa ndani, pale usipopaona, na pale yanakula chuma taratibu. Tena sisi hewa yetu ina chumvi.

Kwenye Vitz au Premio kizingiti kikioza ni hasara, lakini gari linaendelea kutembea. Kwenye gari lisilo na paa ni jambo jingine. Gari la kawaida linashikwa na paa lake juu na sakafu yake chini, kama sanduku lenye kifuniko. Hili halina kifuniko. Nguvu yake karibu yote iko chini, kwenye sakafu na kwenye vile vizingiti viwili. Vikioza, gari linalegea katikati kama mtumbwi uliopasuka mkuku. Ndiyo maana mimi kwenye magari haya sianzi na injini. Injini inaweza kununuliwa.

Basi rudi Raskazone na vitu vitatu: jagi la maji, sumaku, na jeki.

Sumaku itoe kwenye spika mbovu ya redio, ifunge kitambaa chembamba isikwaruze rangi. Ipitishe polepole juu ya kizingiti, hasa kile kipande kilicho mbele ya tairi la nyuma, na kwenye upinde wa tairi. Penye chuma itang'ang'ania. Penye puti, ule ujiuji wa kuzibia bodi ukakauka, itaanguka mkononi mwako. Mafundi wetu wa bodi ni hodari, mzee wangu, wanaweza kukujengea kizingiti kizima kwa puti, wakakipiga rangi ya bluu kiking'ara, na usijue mpaka siku unapanda tuta la Muheza. Kisha inua gari kwa jeki upande mmoja, mahali pake pa jeki, ufungue na kufunga mlango wa upande huo. Ukifunga kama kawaida, vizuri. Ukigoma au ukikwaruza, bodi inapinda, na hapo muage bwana kwa adabu uondoke.

Jagi ni mtihani wa mwisho. Kunja paa, mimina maji kidogo kidogo kwenye ile pembe ya nyuma ya kiti, upande wa zulia lililolowa kwanza. Mtu mwingine achungulie chini. Maji yanatakiwa kutoka palepale, kwa mkondo, mbele ya tairi la nyuma. Yakisita, yakitoka kwa matone, au yakipotea kabisa, jua yamekwenda kule nilikokueleza. Na umwombe bwana muinue zulia pamoja. Akikataa kuinua zulia la gari analouza milioni 15, umeshapata jibu.

Ukiwa hapo fungua na buti. Magari haya betri iko nyuma, si mbele, na inatakiwa iwe betri iliyofungwa yenye kamrija ka kutoa hewa nje. Betri hiyo ikifa, mtu wa kwetu anaweka yoyote inayoingia, mvuke wa asidi unabaki ndani ya buti, sakafu ya buti inaoza kama jino. Inua karatasi ya buti utazame chini ya betri. Dakika moja tu.

Mengine nayapita haraka. Kilomita 84,000 usiziamini wala usizikatae, hazina ushahidi. Belti ya taimingi, kama hana risiti ya kuibadilisha, ihesabu haijabadilishwa, ubadilishe wewe, maana inapaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000 na mpira huzeeka hata gari likikaa. Klachi, shokapu, breki, fundi yeyote mzuri wa Mazda atakuambia. Spea za injini si janga: injini za ukoo huo Mazda walizitia pia kwenye gari lao la Familia, na Roadster yenyewe ilipofika Aprili 2016 walikuwa wametengeneza milioni moja, kwa hiyo duniani zimejaa. Kinachosumbua ni paa. Kitambaa kizima ni cha kuagiza, na jua letu halikionei huruma. Litendee paa hilo kama tanga la jahazi: likilowa, liache likauke kwanza ndipo ulikunje. Na hamisha gari chini ya huo mvinje hata kabla hujalilipia.

Sasa kadi. Hapa nitakuwa mkali kidogo, uniwie radhi, wewe ni baba yangu. Umekaa bandarini miaka 31, hukuruhusu hata gunia moja litoke bila karatasi, leo unataka kutoka na gari zima lenye jina la mtu wa Oman? Ni kweli watu wengi wanatembelea magari hivyo. Wengi pia wanalia hivyo. Faini za trafiki zinafuata namba ya gari, kwa hiyo utalipa na zile za watu usiowajua. Ukipata ajali, bima itauliza mwenye gari ni nani. Na huyo ndugu wa Oman, Mungu ampe umri mrefu, siku akitangulia, gari linaingia kwenye mirathi yake na wewe umebaki na funguo. Unachotaka ni hiki: mkataba wa mauziano mbele ya wakili, kati yako na mwenye jina, au mtu mwenye hati ya uwakili kutoka kwake, kadi halisi si kivuli chake, namba za TIN za pande zote mbili, kisha TRA mkahamishe umiliki na kulipa ada pamoja na ushuru wa stempu, asilimia 1 ya thamani. Bwana akisema ndugu yake hana nafasi ya kusaini, basi hana gari la kuuza.

Umeuliza habari ya kuagiza Japani. Nitakupa hesabu ya karani, uikague mwenyewe. Tuseme gari linafika bandarini kwa thamani ya milioni 6. Ushuru wa forodha asilimia 25, unafika milioni 7.5. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya kati ya 1001 na 2000 ni asilimia 5, na kwa kuwa gari limezidi miaka 10 unaongezewa asilimia 30 ya uchakavu. Jumla 35, umefika milioni 10 na laki moja na ushee. Juu yake VAT asilimia 18. Unakaribia milioni 12, yaani kodi peke yake imelingana na gari, na bado ada ndogo ndogo na mtu wa kutoa mzigo. Tena thamani wanayotumia TRA ni ile ya kwenye vitabu vyao, si ya kwenye risiti yako. Faida ya kuagiza ni kwamba gari halijawahi kulala Raskazone. Hasara ni kwamba jagi huwezi kulituma Yokohama. Mimi kwa fedha zako ningetafuta lililokwisha kulipiwa kodi hapa nchini, lenye kadi safi, hata kama ni Arusha au Dodoma. Ningependelea huko, kwa kweli, kwenye hewa kavu.

Na milioni 15 si bei ya gari, ni bei ya kuanza. Weka kando milioni 3 au 4 za mwaka wa kwanza: belti, matairi, paa likidai, bima kubwa. Usikate ile ndogo kwenye gari ambalo mwizi anaingia kwa wembe. (Kuna wenye magari haya wasiofunga mlango kabisa usiku na hawaachi kitu ndani. Wanaona ni heri aingie kwa mlango kuliko achane paa. Kwa gari linalolala ndani ya geti, nawaelewa.)

Tunafika kwa mama. Nilicheka aliposema alichosema, na nadhani angekuwa mshairi mzuri. Lakini hebu msikilize tena. Hakusema hataki gari. Alisema nyumba haina paa. Umefanya kazi miaka 31, una haki ya kucheka peke yako barabara ya Pangani, sitamruhusu mtu akuambie ni uzee mbaya. Ila fedha hiyo mmeisubiri wawili. Mbao na bati za Pongwe zinunuliwe kwanza, zipigwe, zionekane kutoka barabarani. Kinachobaki ndicho cha kuzungumzia gari, na kama kilichobaki hakitoshi mwaka huu, Roadster hazitakwisha.

Laki tano mwambie leo hii. Usingoje kujua kama zitarudi. Akizisikia kwa dalali, au kwa jirani wa Raskazone ambaye bila shaka ameshakuona umekaa humo paa limefunguliwa unacheka, hutazungumzia tena gari bali laki tano mpaka mwisho wa maisha yako. Kisha mwandikie yule bwana ujumbe wa simu, kwa heshima: tarehe uliyompa, kiasi, na kwamba utaendelea iwapo gari litapita ukaguzi na mwenye jina atasaini, vinginevyo unaomba fedha yako. Akijibu "sawa", umepata maandishi yako. Akinyamaza, umejua unafanya biashara na nani, na laki tano imekuokolea milioni 14 na nusu.

Na siku ya kwenda kufanya mtihani wa jagi, mpeleke mama. Wewe uchungulie chini ya gari, jagi ashike yeye. Ila msiende siku ya mvua, mtashindwa kujua maji ni ya nani.